Yai Katika Friji la Bucha

Daktari wa mifugo aligonga mhuri kwenye paja la mwisho la ng'ombe, akanawa mikono kwenye karai, kisha akainama kumtazama kobe wa mabinti wa mwenye bucha. Kobe huyo aliishi nyuma ya bucha, ndani ya sanduku la mbao lililojaa mchanga, na siku hiyo alikuwa ametaga.

"Msiyageuze," daktari alisema. "Yai la kobe ukiligeuza, kitoto kinafia ndani. Na mkitaka madume, yawekeni penye ubaridi kidogo. Mchanga ukiwa wa moto, yote yatatoka majike."

Muuza nyama aliacha kunoa kisu. Alikuwa na mabinti wanne, na mkewe alikuwa na mimba ya tano. Alikwisha mwambia mbele ya mama yake kwamba akileta msichana mwingine, afunge virago arudi kwao.

"Mama," alisema jioni ile, "jiko letu si liko nyuma ya ukuta wa chumba changu cha kulala?"

"Ndiko liliko."

"Basi ndiyo maana."

Miezi ilipotimia, mke akataga. Mkunga alilipokea yai, ukubwa wa tikiti dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalizungushia taulo.

"Halina ufa," alisema. "Hongereni. Msiligeuze."

Mama mkwe alilichora alama ya mkaa ili upande wa juu ubaki juu. Muuza nyama akalipeleka bucha, akaliweka ndani ya friji, rafu ya kati, baina ya maini na matumbo.

Wateja walilizoea upesi.

"Linatoka lini hilo?" waliuliza, wakilionyesha kwa kidevu.

"Kazi ya Mungu. Nikukatie steki au ya mifupa?"

Mke hakupenda. "Baba watoto, baridi hiyo imezidi. Kobe alipotaga pale chini ya bomba la maji hakikutoka kitu. Tulipopasua, vitoto vilikuwa vimekufa."

"Wewe umejaribu mara nne," mumewe alijibu. "Niache na mimi nijaribu mara moja."

Basi kila mchana mume alipokwenda kulala, mke alifungua friji, akalitoa yai, akalikumbatia ndani ya sweta, alama ya mkaa ikitazama juu, akawapimia wateja nyama kwa mkono mmoja. Alijua anachokifanya. Akiliacha, litakufa. Akilipasha moto, atatoka msichana, naye atafukuzwa awaache wanawe.

Jirani aliyekuja kununua mapafu alimtazama kifuani akatikisa kichwa. "Dada, ukizidisha joto utajuta."

"Nitajuta nikiwa na mtoto hai," mke alisema. "Robo au nusu?"

Yai lilipasuka asubuhi moja wateja wakiwa kwenye foleni. Mtoto alitoboa ganda kwa kile kijino cha puani ambacho hudondoka baadaye, akatoa kichwa, akalia. Watu wawili wa mbele walisogea ili wa nyuma waone. Alikuwa msichana.

"Friji bovu hili," alisema mama mkwe.

Fundi wa friji akaitwa. Aliinama akasikiliza mota, akaingiza mkono hadi kwapani, akapima gesi.

"Friji zima, mzee. Ila kuna mtu amekuwa akifungua fungua mlango."

"Ni mimi," mke alisema. "Angekufa."

"Ungesema mapema, shemeji," fundi alimlaumu. "Ona, umelegeza mpira."

Muuza nyama alijifuta mikono kwenye aproni. "Nilisema nini?"

"Ulisema."

Mke akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo na mtoto mgongoni. Nyuma yake wakatoka wale wanne, viatu miguuni, nywele zimechanwa.

"Na hao wanakwenda wapi?"

"Kwetu. Si ulisema hutaki wasichana?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze, muuza nyama alishangaa.

"Mama watoto, una akili kweli? Kesho napokea ng'ombe wawili. Nani ataosha bucha? Nani atasafisha matumbo?"

Mama mkwe alikwisha wavua viatu wawili wadogo. Wale wakubwa walisimama wakimtazama mama yao, na baba yao akamkabidhi kila mmoja ndoo. Mke alisubiri kidogo barabarani, kisha akaenda na yule mmoja.

Wiki iliyofuata alikuja mteja mgeni mtaani, mtu wa maneno mengi. Nyama yake ikikatwa alitaka kujua biashara inakwendaje, na kama mwenye bucha ana watoto.

"Bado sijajaliwa," alijibu muuza nyama. Akainua mguu mmoja, halafu wa pili, ili binti yake wa tatu apitishe tambara la kudekia chini yake.