Ramani ya Mama Estelle

Profesa wetu wa saikolojia ya mazingira alitutuma kambini na karatasi nyeupe. Kila mukimbizi achore kijiji chake, ili tuone moyo wake umebaki wapi. Mimi Mbambu, binti wa muuza duka wa Butembo, nilikaa na Mama Estelle, mulimaji wa Muheto.

Hakuchora nyumba. Hakuchora kanisa wala shamba la maharagi. Alichora njia ya mbuzi, mto mudogo, jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe shimo.

"Nyumba iko wapi, Mama?"

"Nyumba tulikuwa tunaiona muchana tu. Usiku wenye bunduki wanapita, njo tunalala humu. Miaka tatu. Ukikunja magoti, watu kumi wanaenea."

Nililia, sikatai. Lakini hata nikilia nilikuwa ninafikiria pointi. Nikapata kumi na saba kwa makumi mbili! Profesa akabandika ramani ukutani, na jina la Muheto kwa herufi kubwa. Wanafunzi wakaipiga picha, wakaitumiana kwa simu. Nami nikajivuna, mujinga mimi.

Juma lililofuata nilimupelekea Mama Estelle sukari ya kumushukuru, nikamuonyesha ile picha kwenye simu yangu. Sukari hakuigusa.

"Binti yangu, hii watu wangapi wameiona?"

"Wengi, Mama! Hata nisiowajua."

Akanirudishia simu polepole.

"Bwana yangu Edmond alibakia na ng'ombe. Kila usiku angali analala mule shimoni."