Munganga Aliyebaki Mudzipela

Fabien alimkuta Adeline katika dispanseri ndogo ya Mudzipela, mtaa wa Bunia, akimfunga bendeji mtoto aliyeungua mguu. Hakumwita. Alikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, kofia mkononi, vumbi la barabara ya Nizi bado limemganda kwenye nyusi, akangoja zamu yake.

Alikuwa mkulima, na pia prezida wa komite ya afya ya Dzubo, kijiji cha huko Djugu. Ndiye aliyekuja Bunia miaka ya nyuma kumwomba Adeline, muuguzi aliyekuwa ametoka tu shuleni, akafanye kazi kwao. Wanakijiji walimjengea nyumba ya matofali. Wanawake walimpelekea maharagwe mapya kabla hawajaonja wenyewe. Aliwazalisha, wakamwita munganga, na wasichana kadhaa waliozaliwa mikononi mwake wakapewa jina lake. Kisha, baada ya Pasaka, aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wake Bunia. Maharagwe yalipandwa, yakavunwa, naye hakurudi.

"Papa Fabien," alisema Adeline alipomwona. Alivua glavu, akamtoa nje hadi kwenye kivuli cha ukuta. "Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani iko. Siye tuko, tunakungojea tu." Fabien akaigeuza kofia mkononi. "Tulitengeneza mabati ya nyumba yako, haivuji tena. Na shamba lako tutalima siye wenyewe, weye usishike jembe."

"Papa, miye sikukimbia mabati."

"Njo ulikimbia nini, basi?"

Adeline aliangalia pikipiki mbili zikipita.

"Siku ile watu wa bunduki walileta mwenzao mwenye kidonda, mulikimbia wote mashambani. Silaumu, hata miye ningekimbia kama ningeweza. Yule mutu alinifia mikononi. Walinipigisha magoti kiwanjani, wakabishana kama waniue. Kesho yake mulirudi. Weye njo ulifika wa kwanza, na mutoto wa homa. Ukaniambia, munganga, fungua mulango. Nikafungua. Hakuna hata mutu mumoja aliniuliza nililala wapi."

Fabien aliikumbuka asubuhi ile. Alikumbuka mikono ya Adeline ikitetemeka alipokuwa akivuta dawa kwenye sindano, naye akadhani ni njaa.

"Tulikosa," alisema. "Rudi, tukuombe radhi mbele ya watu wote."

"Nilisamehe zamani. Lakini kule sitapata usingizi tena." Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ile ya kazi: "Jemima iko na mimba ya miezi ngapi?"

Jemima alikuwa binti wa Fabien, mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani.

"Saba."

"Mimba ya kwanza alitoka damu mingi, unakumbuka. Mulete hapa, akae kwa ndugu zenu. Asizalie kule bila mutu."

Fabien alikuwa amefunga safari kumrudisha munganga kijijini, na sasa anaambiwa amtoe binti yake huko. Alitaka kusema kwamba Dzubo iko na wajawazito wengine. Akavaa kofia yake.

"Nitamuleta," alisema.

Kabla ya kuondoka Bunia alipita kwenye ofisi ya afya kuomba muuguzi mwingine. Walimpokea vizuri, wakamwambia wauguzi wako wengi mjini ila hakuna anayekubali kwenda upande ule, avumilie. Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya kanisa akawaeleza watu kwamba Adeline harudi. Hakusema sababu. Wanawake walifunga watoto mgongoni wakatawanyika.

Wiki hiyohiyo alimpandisha Jemima kwenye pikipiki, na karai la kumwogeshea mtoto limefungwa nyuma. Jirani yao Rébecca, ambaye tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko la Jemima, alisimama mlangoni kwake akiangalia.

"Jemima anaenda wapi, Papa Fabien?"

"Anaenda kusalimia shangazi yake."

Rébecca alilitazama lile karai. "Afike salama," alisema, akaingia ndani.

Uchungu ulimshika Rébecca siku ya mvua, tangu alfajiri. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia kituo cha afya cha kijiji alijaribu kumsaidia, akashindwa, akasema apelekwe hospitali ya Nizi. Wanaume walifunga tipoyi ya miti na blanketi wakambeba begani, Fabien akiwa mbele upande wa kulia, wakiteleza kwenye matope. Njiani Rébecca aliacha kulia. Walipofika Nizi, madaktari walimwokoa yeye tu. Mtoto walimrudisha Dzubo ndani ya kitenge, na ni Fabien aliyechimba kaburi, kwa sababu mume wa Rébecca hakuweza kushika koleo.

Habari kutoka Bunia ilimfikia kwa simu: Jemima amejifungua salama, Adeline ndiye aliyempokea mtoto. Fabien alizima simu, akaendelea kupura maharagwe. Hakumwambia mtu.

Lakini habari haifichiki kijijini. Siku moja Rébecca alipita na jembe lake, akasimama kwenye ukingo wa shamba.

"Nasikia Jemima alizaa."

"Alizaa."

"Nini?"

"Kijana."

Fabien alingoja aseme neno jingine, lolote, hata tusi. Angelipokea.

"Mungu asifiwe," alisema Rébecca, akaenda zake kulima.