Chiriku na Chetezo

"Subhanallah! Na huyu naye amelala vipi?"

Bi Kulthum alikuwa ameinama juu ya tundu la ndege, ushungi umemteremka mabegani, kidole kimoja amekipenyeza kati ya vijiti vya chelewa ili amguse chiriku jike. Jike hakuruka. Alikuwa chali sakafuni mwa tundu, miguu imekunjamana, jicho moja li wazi. Kulthum akamsukuma kidogo. Alikuwa mwepesi na mkavu kama ganda la kitunguu. Akauchomoa mkono kwa kasi na kuuweka kifuani.

"Amekufa," akasema peke yake. "Wallahi, amekufa."

Dume alikuwa juu ya kijiti, manyoya yamemtutumka, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Chiriku huyu kila asubuhi huwakera majirani kwa kelele zake kabla chai haijachemka. Leo hakutoa hata mlio mmoja. Alikuwa anapumua tu, na kupumua kwenyewe kulikuwa kazi.

Kulthum akageuka kitandani. Mumewe, Bwana Hamdun, alikuwa bado usingizini, ameelekea ukutani, kikohozi kinamtikisa mabega. Alhamdulillahi, hajaona.

Asiyeijua nyumba hii atasema, ala, ndege ni ndege, si atatafutwa mwingine! Hajui kitu huyo. Hamdun alikuwa mshona kofia, na kofia zake zilivaliwa Idi na watu wanaojiheshimu. Kisha kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, mkono wa sindano, mguu, na ulimi pia. Akageukia ukuta. Chakula akawa anatiliwa mdomoni kama mtoto, naye anakitema. Walikuja wanawe, akaja imamu, akaja daktari, ukuta ukabaki ule ule. Mpaka siku ambayo mpwa wake, Taha, alitoka Kipungani na kikapu cha ukili, na ndani ya kikapu mna chiriku wawili. Hamdun akanyanyua kichwa. Wiki haikuisha alikuwa ameketi, anajenga tundu la chelewa kwa mkono wa kushoto, anavunja, anatupa, anaanza tena, na uso wake unatukana matusi ambayo ulimi ulikataa kuyatoa. Tangu hapo huamka kwa ajili yao. Huburuta mguu, hubadilisha maji, humwaga mtama, na akishawahudumia ndege ndipo hukubali naye kuhudumiwa. Kulthum alijua vizuri sana kwamba ndege hawa ndio waliomrudisha duniani, na kwamba wakiondoka hawataondoka peke yao.

Na sasa mmoja ameondoka.

"Rawiya," Kulthum akanong'ona kwa hasira. "Jicho lako hilo, Rawiya!"

Bi Rawiya ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na ni mpika udi kama Kulthum. Alikuja juzi kumzuru mgonjwa, akasimama mbele ya tundu mikono kiunoni: "Ndege wazuri hawa! Na walivyonona!" Mashaallah hakuisema. Kulthum aliisubiri, wapi! Kesho yake ndege wakaanza kututumka. Basi jana jioni alifanya alivyofunzwa na mamake. Alijaza makaa chetezoni, akatia ubani, mvuje, chumvi na pilipili kavu. Akaliweka tundu juu ya chetezo kama mtu anavyofukiza nguo za bi harusi, akalifunika kwa kanga, akasoma Falaq na Ayatul Kursi mpaka makaa yakafa. Hamdun alipigapiga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, anaonyesha dirisha.

"Najua, Bwana Hamdun, najua," alimwambia. "Wataka kuwaona watu. Lakini upepo utakudhuru. Tulia."

Madirisha hayakufunguliwa, na hayakuwa yamefunguliwa kwa siku kadhaa. Chini, jikoni, palikuwa na sufuria ya udi wa harusi ya Hadil, na udi huo ukifika pa kutiwa manukato, nyumba hufungwa. Ndiyo ada ya wapika udi wa Amu. Nyumba zimekaribiana hivi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi bila kutoka nje, na pua ya Rawiya inaweza kuisoma sufuria ya mtu kama msahafu. Kulthum aliachiwa mchanganyiko ule na mamake, naye mamake aliachiwa na wake. Haukuwahi kuvuka dirisha. Halafu kulikuwa na chetezo kingine, hiki cha chumbani, ambacho hakijapoa tangu Hamdun apooze. Mgonjwa ni mgonjwa, kuna mkojo, kuna jasho. Kulthum aliapa kwamba hakuna mgeni atakayetoka mlangoni kwake ameziba pua. Wageni walitoka wakisema, "Bi Kulthum, nyumba yako yanukia pepo." Naye alifurahi.

Akamviringisha jike katika kitambaa cha kofia na kumtia mfukoni. Kisha akashuka kuchukua makaa. Fukizo la jana lilikuwa dogo, alijiambia, jicho limemshinda mmoja kwa sababu ya mkono mwepesi. Yeo atatia mvuje mara mbili.

Alikuwa ameshalipachika tundu juu ya chetezo na kanga ipo mkononi, mara hodi. Ni Mahir, kakake Hadil, bi harusi, kijana anayetibu punda pale mjini. Mamake amemtuma aulize kama udi uko tayari. Alifika juu ya ngazi, akasimama mlangoni mwa chumba, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Salaam aleikum… Bi Kulthum, kwani kwaungua?"

"Hakuungui. Nafukiza. Ndege amepigwa jicho, mwenziwe ameshakufa. Pita, usimwamshe ami yako."

Mahir hakupita. Alilitazama tundu, akakitazama chetezo, akautazama mdomo wa chiriku ulio wazi. Kisha, bila hata kuomba radhi, akaruka na kulinyakua tundu.

"We! Mahir! Una wazimu?"

"Huyu hana jicho, Bi Kulthum. Huyu hana pumzi! Ni moshi huu unaomuua. Moshi, na hayo manukato."

"Manukato yepi?"

"Yako! Ndege kifua chake si kama chetu. Sisi tukinusa tunaburudika, yeye anaungua ndani. Ubani, udi, spirei, chochote."

Kulthum alicheka, kicheko kifupi, cha hasira. "Udi wangu? Udi wangu uue? Bibi yako mwenyewe aliingizwa nyumbani kwa udi wa mamangu, na mpaka yeo yu hai!"

"Na bibi yangu alitiwa tunduni akafunikwa kanga?"

Kulthum akanyoosha mkono amnyang'anye tundu. Hapo akasikia kitanda kikilia.

Hamdun alikuwa ameamka. Amejiinua kwa kiwiko cha kushoto, anatazama tundu mikononi mwa Mahir. Mato yake yalikwenda kwa dume. Yakaenda kwenye kijiti cha chini, yakarudi juu, yakateremka sakafuni mwa tundu. Yakatafuta tena. Halafu yakaja kwa mkewe.

Kulthum alitia mkono mfukoni, akakitoa kile kitambaa. Hakuweza kukifungua, na haikuwa lazima.

Hamdun hakulia. Aliunyanyua mkono mzima, polepole, akaonyesha dirisha. Akapiga ubao wa kitanda. Akaonyesha dirisha.

Yarabi. Kulthum aliuona mkono ule jana. Aliuona juzi, na siku iliyotangulia, ukipiga na kuonyesha, ukipiga na kuonyesha, naye anamrekebishia mto, anamwambia tulia, anamwongezea udi. Hakuwa akitaka kuwaona watu. Alikuwa akisema fungua. Siku zote hizi alikuwa akisema fungua, wanakufa, na mke wake, mwanamke anayejisifu kwamba huzijua haja zake kabla hajaziwaza, alikuwa akimfungia.

"Kikohozi hiki kimemwanza lini ami?" Mahir akauliza taratibu.

"Tangu nilipofunga…" Akajisikia anavyosema. Akashika nguzo ya kitanda. "Na yeye pia? Mahir, na yeye pia?"

"Fungua, Bi Kulthum."

Komeo lilikuwa limeganda. Alilipiga kwa kiganja mpaka ngozi ikachunika, likatoka. Akafungua dirisha la kwanza, la pili, akavichukua vyetezo vyote viwili na kuvitumbukiza ndani ya ndoo ya maji, vikapiga kelele na kufoka mvuke. Akashuka ngazi mbio, umri wake wote ule, akafungua dirisha la jikoni ambapo sufuria ilikuwa inatokota kwenye hatua yake ya siri kabisa. Harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa kifungoni. Haikuchukua muda, kichwa cha Rawiya kikachomoza dirishani kwake.

"Kilua!" Rawiya alipiga ukelele wa furaha. "Kumbe ni kilua! Miaka yote hii nasema ni asumini! Kulthum, una nini yeo, mbona wafungua…" Akauona uso wake. "Mbona walia?"

"Nimemuua chiriku wa Hamdun."

"La haula! Kwa nini?"

"Kwa kumfukiza jicho lako."

"Jicho langu mimi? Wallahi mashaallah niliisema moyoni!"

"Najua," Kulthum akasema. "Sasa najua." Akaiepua sufuria, udi haujashika, akaimwaga mchangani uani. Aende akawaambie nini kina Hadil? Hakujua, na kwa saa ile hakujali.

Mahir alilipandisha tundu darini, kisha akarudi akamkokota Hamdun ngazi kwa ngazi, mpaka chini ya paa la makuti ambako upepo hupita huru. Alipoaga alisema, "Siwezi kuahidi kitu, mama. Ndege akifika kesho, tutazungumza."

Alasiri Kulthum akapanda na kopo la mtama. Alikuwa hajafika hata karibu, chiriku akajisukuma mpaka pembe ya mwisho ya tundu, mdomo ukamfunguka tena. Hamdun akanyoosha kiganja. Simama.

Akasimama. Akajitazama buibui lake, viganja vyake, nywele zake zilizofukizwa tangu usichana. Hakuna mtu aliyehitaji kumweleza. Akaliweka kopo juu ya kipandio akashuka.

Alioga kwa maji ya kisima na sabuni ya kufulia. Akasugua nywele, akasuuza, akanusa, akasugua tena. Kasha la nguo hakuligusa, kila kilichomo kinanukia. Akavaa kanga kuukuu iliyokuwa ikikauka juani.

Miaka yote ya ndoa yao, Kulthum akiwa bado chini ya ngazi Hamdun huwa ameshasogea kumpa nafasi. Harufu humtangulia. Safari hii aliliokota kopo, akapanda mpaka juu, akasimama nyuma yake, na mumewe hakugeuka. Alipoketi mkekani Hamdun alishtuka, akamtazama kama anayemtazama mgeni. Akamsogelea, akanusa bega lake. Akanusa tena, kwenye nywele, muda mrefu, anatafuta.

"Ni mimi, Bwana Hamdun," Kulthum akasema.

Hamdun akalichukua kopo, akammiminia mtama kiganjani, akafungua kijimlango cha tundu kwa mkono wake wa kushoto. Kulthum akaupitisha mkono ndani, akautuliza. Chiriku aliutazama kwa jicho moja, kifua kinapanda na kushuka. Hakuja. Lakini hakurudi nyuma.