Konokono Kumi na Tisa Waliokata Kulia

Mama Konokono hakuwa mama wa mtu yeyote. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba akipiga hodi mlango wenyewe haukuwa na habari. Jina hilo alibandikwa na watu wa kitivo kwa ajili ya konokono ishirini aliokuwa akiwalea katika chumba namba tisa, mwisho wa korido, chumba pekee chenye bomba la maji na ubaridi wa kumfaa kiumbe asiyependa jua.

Utafiti wake ulikuwa hivi. Alikuwa na ubao wenye kijia kimoja kinachogawanyika mbele, kulia na kushoto. Siku ya kwanza aliweka kipande cha tango mwisho wa njia ya kulia, akawaachia konokono mmoja mmoja mpaka kila mmoja akalifikia tango lake. Siku ya pili aliliondoa tango, akawarudisha ubaoni, akaangalia. Je, watakata kulia? Yaani, konokono hukumbuka alikokula jana? Kila mmoja alikuwa na namba mgongoni, iliyoandikwa kwa rangi ya kucha ya dada yake, ambaye Mama Konokono aliishi nyumbani kwake, na ambaye kila jioni alimuuliza swali lile lile.

"Enhe, wameshakumbuka?"

"Bado, dada."

"Miezi minane. Mimi nikimtuma shemeji yako kitunguu anakisahau njiani, na hakuna chuo kilichowahi kuja kumchunguza."

Watu wengine, wakisikia tu neno konokono, walimwambia kwamba haraka haraka haina baraka. Alikuwa ameambiwa hivyo mara arobaini na moja. Kila mara alicheka, maana aliona vibaya kumwacha mtu peke yake na utani wake.

Shida ilikuwa chumba. Alibakiza miezi minne amalize, na chumba namba tisa kilikuwa kimetamaniwa na mtu wa kompyuta aliyeitwa Asilimia. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakuweza kusema jambo bila kulipimia. Mvua itanyesha, asilimia sabini. Chai hii ina sukari, asilimia kumi zaidi ya jana. Alikuwa na mashine sita zilizochemka mchana kutwa kama vyungu, na zilihitaji chumba cha baridi. Konokono wakitolewa namba tisa wangehamia ghorofa ya juu, chini ya bati, na huko wasingemaliza wiki. Mama Konokono angerudi nyuma mpaka hatua ya kwanza, na pesa za masomo zisingerudi naye.

Mkuu wa kitivo, mama aliyevaa miwani machoni na mingine kichwani, alisema ataamua baada ya Siku ya Utafiti. Jumatatu akawaita wote ukumbini na bakuli la vikaratasi.

"Mwaka jana kila mtu alieleza utafiti wake, na ukumbi mzima ukalala. Mimi nililala wa kwanza," alisema. "Mwaka huu kila mtu atamwelezea mwenzake. Mna siku nne za kwenda kujifunza. Ijumaa asubuhi, dakika tano tano. Chota karatasi, pisha mwenzako."

Pakawa na kizaazaa. Mtu wa nyota zinazokufa alichota bakteria wa sponji za kuoshea vyombo, akaenda kunawa mikono papo hapo. Mama anayechunguza mifuko ya plastiki alichota namba tasa, akauliza kama zinaoza. Mtu wa namba tasa akapata mbawa za nyuki, akataka kujua kwanza, kabla hajakubali lolote, kama nyuki wana ukomo. Mama Konokono alichota Profesa Kochi. Profesa Kochi akachota Asilimia. Asilimia alipokunjua karatasi yake alicheka mpaka akakaa.

"Dada," alimwambia Mama Konokono, "nimepata konokono wako."

Mama Konokono alitabasamu kama alivyozoea. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha.

Kumbe Asilimia hakuwa mtu mbaya. Jumanne alikuja chumba namba tisa na kamera yake na daftari jipya, akauliza maswali mazuri. Jumatano, siku ya tango, alishika konokono kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Namba kumi na tatu alipotoa pembe zake na kumwangalia, Asilimia alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

"Kesho ndiyo siku ya kuona kama wanakumbuka?" aliuliza.

"Ndiyo, kaka. Lakini kesho niko kwa Profesa Kochi kutwa nzima, hana nafasi siku nyingine. Basi nitawaahirisha."

"Uwaahirishe wakati mimi nipo? Niachie. Nitawapiga picha, nitaandika kila kitu. Nitausafisha na ubao."

Alitaka kukataa. Neno lilifika kooni, likaona watu, likarudi. "Haya," alisema. "Usisahau kuusafisha vizuri."

"Kusafisha tena? Mimi hata mashine zangu nazifuta kila siku."

Alhamisi basi akaenda kwa Profesa Kochi. Mzee huyo alikuwa na mvi kichwani na chaki kila mahali pengine, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akitafuta jambo moja tu: kochi kubwa kuliko yote linaloweza kupita katika korido yenye kona mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, bila kunyanyuliwa.

"Na watu watanunua hilo kochi, Profesa?"

"Mwanangu, halikaliki. Limebinyika katikati kama simu za zamani." Akachora ukutani, maana ubao ulikuwa umejaa tangu mwaka juzi. "Shida si kukaa. Shida ni kujua kwa hakika kwamba hakuna jingine kubwa zaidi. Kulipata kubwa ni rahisi. Kuapa kwamba hakuna la kulizidi, hapo ndipo mvi zilipotokea."

Alikaa naye mpaka jioni wakikata maboksi na kuyasukuma kati ya vitabu, na akarudi nyumbani akiwa ameelewa. Njiani alikutana na Asilimia akishuka ngazi mbili mbili.

"Usiniulize kitu," alisema Asilimia. "Kesho utanishukuru."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa kitivo alikuwa amewaalika mlinzi, mpishi wa kantini na dereva wakae mstari wa mbele. Amri ilikuwa moja: asiyeelewa anyanyue mkono.

Mama Konokono aliitwa wa pili. Alisimama akiwa na boksi lake na sauti yake ndogo, na mlinzi akanyanyua mkono kabla hajaanza.

"Mimi bado sijasikia," alisema mlinzi. "Kuelewa nitajaribu baadaye."

Akapandisha sauti kidogo. Akalisukuma kochi la boksi katika korido ya vitabu, likakata kona ya kwanza, likakata ya pili. Mpishi akasema hilo ndilo analifanya kila akihama. Mlinzi akanyanyua mkono tena.

"Kwa nini wasilisimamishe wima? Sisi ndivyo tunavyopitisha."

Mama Konokono alimtazama Profesa Kochi kuomba msaada. Mzee alisimama mahali pake, polepole.

"Katika hesabu zangu, ndugu, dari iko chini sana."

Mlinzi aliona jibu limetosha, na watu wakapiga makofi. Akarudi kitini jasho likimtiririka, akidhani kazi yake ya siku imekwisha.

Profesa Kochi alifuata, naye alimwelezea Asilimia kwa uaminifu wa kutisha. "Nimekaa na mashine sita siku tatu," alisema. "Zinaonyeshwa picha, zinasema huyu ni paka au si paka. Zinapatia mara nyingi. Mjukuu wangu wa miaka miwili pia anapatia, na yeye hatumii umeme. Tofauti ni kwamba zenyewe zinaweza kuangalia picha milioni moja, na mjukuu wangu anachoka akifika ya tano. Jambo la ajabu, na nimelipenda, ni kwamba hakuna anayejua zinaangalia nini hasa kwenye hizo picha. Siku moja ziligundua paka kwenye picha isiyo na kitu ila kiti. Sasa mwenzangu anachunguza kwa nini." Akakaa. Asilimia alikuna kichwa, asijue amesifiwa au amevuliwa nguo.

Kisha akapanda yeye. Hakuwahi kusema vizuri namna ile. Alisimulia giza la chumba namba tisa na mdundo wa matone ya bomba. Alisimulia habari za namba kumi na tatu na pembe zake. Alisimulia habari za msichana anayeingia saa moja asubuhi na kuwasalimu wote ishirini kabla hajavua mkoba. Mama Konokono aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Hakuwahi kuelezewa mbele za watu, na hakujua kwamba kuelezewa vizuri kunawasha kama upupu.

"Sasa sikilizeni," Asilimia alisema. "Jana tumewajaribu. Tango hakuna, ukumbusho hakuna. Konokono kumi na tisa kati ya ishirini walikata kulia. Asilimia tisini na tano. Jamani, hawa wanakumbuka kuliko mimi."

Ukumbi ulilipuka. Mpishi alisimama. Dereva akamwambia mlinzi kwamba tangu leo hakanyagi konokono. Mkuu wa kitivo alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, ishara kwamba jambo limemwingia.

"Basi la chumba limekwisha," alisema. "Namba tisa inabaki ya konokono. Na wewe Asilimia umejishinda mwenyewe, hongera."

Mama Konokono alikuwa akilia kidogo, kwa furaha. Miezi minane hawajawahi kuzidi kumi na mmoja kati ya ishirini, ambayo ni sawa na kurusha shilingi juu. Akafuta macho, akaitazama picha ya Asilimia iliyokuwa bado ukutani, aliyoipiga kabla ya kumwachia konokono wa kwanza: ubao, konokono wake, taa ya kamera ikiwamulika.

Njia ya kulia ilikuwa inang'aa.

Njia ya kushoto ilikuwa kavu, imefifia kama ubao wowote. Ya kulia ilimetameta mwanzo hadi mwisho kama imepakwa vanishi. Ilikuwa ute. Ute wa konokono ishirini waliopita pale Jumatano kufuata tango. Na konokono, hilo linajulikana tangu zamani, hufuata ute wa mwenzake kama mtu anavyofuata njia iliyokanyagwa.

Alikumbuka sasa. Mtu wa kompyuta akisema amesafisha, anamaanisha nini? Kwake maji ni kifo.

Alikaa akiangalia viatu vyake. Hakuna mwingine aliyeona. Chumba kimepatikana, watu wanafurahi, Asilimia anapeana mikono na mpishi. Akinyamaza, konokono watakaa baridini na yeye atamaliza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote maishani. Lakini kila alipojipigia picha akilini ya hiyo miezi minne, alijiona akiandika kumi na tisa kwenye tasnifu yake kwa mkono wake mwenyewe, na ule mkono ulikataa.

Akanyanyua mkono.

"Wewe huelewi nini?" Mkuu wa kitivo alishangaa. "Si utafiti wako?"

"Kaka," alimwambia Asilimia, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni, mwenyewe akaisikia ikirudi. "Ubao uliusafisha na nini?"

"Na kitambaa. Kile laini cha kufutia skrini."

"Kilikuwa na maji?"

Asilimia alimtazama kama aliyeulizwa kama alimpa mtoto petroli. "Maji? Kwenye vifaa?"

Akawaeleza. Alisema taratibu, akinyoosha kidole kwenye ule mng'ao, na hakuna aliyemwambia aongeze sauti. Konokono hawakukumbuka chochote. Walifuata barabara iliyokuwa imeachwa wazi. Kumi na tisa ile haifai kuandikwa popote. Alipomaliza, mpishi, ambaye bado alikuwa amesimama, alikaa.

"Na huyo wa ishirini?" aliuliza mlinzi.

"Huyo ni namba nne. Hafuati mtu."

Kuna aliyecheka, na kicheko kikaenda mstari kwa mstari. Asilimia peke yake hakucheka. Alikuwa ameiva masikio, akiitazama picha yake mwenyewe.

"Kwa hiyo kwa miezi minane umepata nini?" Mkuu wa kitivo aliuliza.

"Kumi. Kumi na mmoja. Mara moja tisa."

"Yaani hawakumbuki."

"Sijui bado, Mkuu. Nadhani hawakumbuki. Ili niseme kwa hakika nahitaji ile miezi minne."

"Unaomba chumba," Mkuu wa kitivo alisema polepole, "ili uthibitishe kwamba hakuna kitu."

"Hapo ndipo mvi zinapotokea," Profesa Kochi alisema kutoka nyuma, kwa heshima kubwa.

Mkuu wa kitivo aliirudisha miwani moja kichwani.

"Miwili," alisema. "Miezi minne sina. Baada ya hapo mashine zinaingia. Na kwa kuwa miwili ni michache kwa mtu mmoja, aliyeharibu wiki atatoa mikono yake. Asilimia, kila jioni namba tisa. Akikwambia safisha, unasafisha."

Jumatatu jioni Asilimia alikuja na ndoo. Hakusema neno la utani wala namba yoyote. Alichovya kitambaa, akakikamua kwa hofu, akapitisha ubaoni mara moja kwa ncha za vidole, kama anayemfuta machozi mkwe wake.

"Tayari?"

Mama Konokono aliuinua ubao, akaupeleka dirishani, akauinamisha kwenye mwanga. Zamani angesema asante, kisha angesubiri aondoke na kurudia mwenyewe.

"Bado," alisema. "Rudia. Na maji yawe mengi."

Asilimia akarudia. Walimweka namba kumi na tatu mwanzo wa njia, wakainama pande mbili za meza, vichwa vikikaribia kugongana. Konokono alitoa pembe, akafika panapogawanyika, akasimama, akafikiria mambo yake. Asilimia alizuia pumzi. Konokono akakata kushoto, ambako hakukuwa na kitu na hakujawahi kuwa na kitu.

"Pole sana," Asilimia alinong'ona.

"Usimpe pole, hajakosea," Mama Konokono alisema, akaandika. "Mlete namba kumi na nne."