Kaburi Alilochimba Mbarak

...na mchele huu nao, kana kwamba aliyeuuza aliufagia sakafuni kwanza, mawe matatu katika konzi moja, Bi Dama akayatupa nje ya mlango, akautikisa ungo, wanawake walikwisha kumnyang'anya ungo huu mara mbili tangu asubuhi, mfiwa hafanyi kazi, Bi Dama, kaa mkekani ulie, naye akaurudisha mara mbili, alie nini, Kombe mumewe alikuwa na miaka themanini na miwili, mtu wa themanini na miwili hakuporwa, amekula akashiba akainuka jamvini, alie kwa kuwa jamvi limekunjwa?... "Mama," akasema Rai, bintiye, ameegemea mwimo wa mlango na leso imemlegea kiunoni, "wazee wanasema neno ni lako sasa, jua linashuka," jua linashuka, habari hiyo nayo ilihitaji mjumbe, tangu lini jua la Kinondo likapanda alasiri, "nimesikia," akasema Bi Dama, akaendelea na mchele, maana kusikia si kujibu.

Huko barazani Kombe amelala ndani ya sanduku, sanduku limewekwa juu ya mabenchi mawili aliyoyaranda mwenyewe, wamemtoa mochari ya Msambweni asubuhi na barafu lake limekwisha kuyeyuka, na pembeni yake wamekaa watu watatu wa Mungu, kila mmoja na kitabu chake mapajani na kila mmoja na Kombe wake, maana Kombe alibatizwa mara tatu, kwanza kwa Wakatoliki, kikombe cha maji kipajini, kisha akazamishwa bahari ya Galu na Mchungaji Hesbon, yule wa kutoka bara mwenye kanisa la mabati kule Ukunda, kisha Wasabato wakamzamisha upya bwawani, ya baharini haikuhesabiwa, pengine ilikuwa na chumvi nyingi, na mara zote mbili za kuzama aliyeanika suruali ni yeye Dama, yeye aliyetiwa maji mara moja akaona yatosha, hakuwa nguo yenye ukoga. Kinyonga, ndivyo alivyomwita, kinyonga amechoka na mti huu anatafuta mwingine, naye Kombe hucheka tu akaenda kunoa randa, fundi seremala huyo, mabenchi ya makanisa yote matatu ni kazi ya mikono yake, na mbao zilizobaki hazitupi, huzileta nyumbani, ndizo alizoungia sanduku hilo hilo, ubao wa chini wa Wakatoliki, mbavu za Wasabato, kifuniko cha Hesbon, likakaa stoo mwaka wa tatu huu likitiwa mahindi, kasha, alisema, waliosema jeneza ni watu.

"...alipakwa mafuta matakatifu mwezi uliopita, shahidi ni mimi," sauti ya Sanga hiyo, katekista, mpole wa maneno na mgumu wa shingo, "kwa hiyo alirudi nyumbani kwao," na Hesbon, "Brother, hayo mafuta yenu ni ya mgonjwa, mgonjwa anakubali kila kitu, huyu mzee aliokoka, mimi ndio nilimdip mwenyewe, na mshumaa hapo juu ya kaburi sitasimama nao," na Tsuma, mzee wa Wasabato, taratibu kama mtu anayekanyaga miiba, "Ndugu zangu, daftari la ushirika lina jina lake, hakulifuta mtu," tangu saa nne wako hapo, chai wamekunywa birika la pili, na walahi Kombe mwenyewe angelitoka mle angeliwauliza, mmekuja kunizika au kunigawana kama samaki wa nyavu moja. Hesbon alimfukuza kwa ajili ya kibuyu cha mnazi, mbele ya watu, akamtaja na jina, sasa leo ni mzee wetu aliyeokoka, maiti hanywi, ndiyo sababu amekuwa mshirika mwema.

Na wangeligombana hivyo hivyo hadi sanduku liote uyoga, lakini Mungu akawaletea kaburi. Mbarak na nduguze walikwisha kuchimba, walianza mara tu walipotoka kuswali Ijumaa, kanzu wakazitundika kwenye tawi la mkanju, maana kijiji hiki kaburi huchimbwa na watu wa kwa Mbarak, na kabla yake baba yake, Mzee Chande, na hakuna anayewaomba, wakisikia kilio hutafuta jembe, wakachimba kama inavyojua mikono yao, wakateremka kifuani, shimo jembamba, kisha wakakata mwanandani, ile nafasi ya ubavuni upande wa kibla ambamo maiti hulazwa kwa ubavu akazibwa kwa mbao, wakaisawazisha vizuri, wakapanda juu wakanawa, ndipo Tsuma akaenda na utepe wa kupimia, akapima, akapima tena, akawaita wenziwe, na wote watatu kwa pamoja, sauti moja kama kwaya iliyofanya mazoezi, wakasema hapana. Ni mara ya kwanza leo kusikilizana. "Hii kaburi si ya Mkristo," Hesbon, "Si ya Mkristo kabisa," Sanga, "Na sanduku haliingii," Tsuma, na Mbarak wa watu, udongo hadi magotini, "Mtuwie radhi, jamani, mikono ilikwenda yenyewe, hatukukusudia lolote, tunaweza kufukia tukaanza jingine."

Jingine! Udongo wa hapa una matumbawe chini, saa tatu nzima walitoa jasho, na Tsuma akasema la pili likiisha jua litakuwa limezama, jua likizama Sabato imeingia, yeye hatazika, na Sanga akasema basi kesho, kesho ndiyo Sabato yenyewe, ndugu yangu, basi Jumapili, Jumapili Hesbon ana ibada tatu, basi Jumatatu, na wote watatu wakaitika, Jumatatu, wameungana tena, wakiendelea hivi kabla ya Pasaka watakuwa kanisa moja, na gari la kumrudisha Kombe mochari limekwisha kugeuzwa, linanguruma pale njiani, ndilo neno analosubiriwa Bi Dama kulisema, mrudisheni au mfanye nini, naye wakati Rai anaingia alikuwa na jibu tayari, mrudisheni, akae na barafu hadi Jumatatu, alikuwa mtu wa kungojangoja, hatadhurika.

Jiwe jingine. Jeupe, linajificha katikati ya punje kana kwamba nalo ni mchele... "kibla," amesikia Mbarak akilieleza hilo neno huko nje, kwa upole, na Hesbon akisema tunaelewa mzee tunaelewa, na mwanandani, neno hilo halikusemwa katika nyumba hii tangu lini, tangu masika ile kabla ya Rai kuzaliwa, mtoto wa kike, siku saba, hata jina hajapewa wala maji hajatiwa kwa kuwa padri huja mara moja kwa mwezi na mtoto hakuweza kungoja mwezi, na katekista wa wakati huo, si huyu Sanga, huyu alikuwa bado anafutwa kamasi, akasema mtoto asiyebatizwa hana sala, mzikeni tu ua wa nyuma, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mvua. Kombe alikuwa amemshika mtoto ndani ya leso, hajui amweke wapi, mtu mzima amesimama uani kama aliyesahau alichotumwa, na Mzee Chande akatokea na jembe fupi, hakuitwa, hakuuliza dini ya mtu, akachimba chini ya mkanju ule, akakata mwanandani kadogo, akakapapasa kwa kiganja hadi kakawa laini, akasema, "Mlete, mwanangu, mvua inakuja tena," hayo tu, na Kombe akaingia mwenyewe akamlaza, akaziba kwa vipande vitatu vya mbao alivyoviranda asubuhi ile, na kuviranda alikuwa ameviranda sana, kana kwamba mtu ataviona.

Tangu siku hiyo Kombe hakurudi kwa Wakatoliki. Bi Dama alidhani ni hasira, kisha akadhani ni ukinyonga, lakini subiri... konzi ya mchele ikabaki mkononi... chai, barazani, Hesbon siku ya kwanza amekuja na Biblia yenye zipu, na yeye Dama yuko ndani hapa hapa, na sauti ya Kombe, "Mchungaji, nikuulize, mtoto asiyebatizwa mnamzikaje?" na Hesbon, haraka kama kawaida yake, mtoto hana dhambi mzee, huyo ako mbinguni straight, na Jumapili Kombe akaenda kuranda mabenchi yao, na miaka baadaye Tsuma, chai hiyo hiyo, swali hilo hilo, mtoto asiyebatizwa, na Tsuma akasema amelala, mzee Kombe, hajui baridi wala giza, amelala tu hadi parapanda, na Kombe akaisahau chai mpaka ikaota utando, na mwezi uliopita kitandani, pumzi hazifiki mwisho wa neno, bado ana la kumwuliza Sanga, na Sanga akasema siku hizi Kanisa linamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, sala zipo, ndipo Kombe akakitoa kipaji kipakwe mafuta. Dama alikuwa akipita na beseni. Alilisikia swali mara zote tatu akapita nalo kama anavyopita na beseni. Miaka hamsini anamwita mtu kinyonga, kumbe mtu ana swali moja tu, anabisha hodi nalo mlango hadi mlango, na mkewe aliyelizaa hilo swali hakuulizwa kwa kuwa angelijibu kwa ukali, na kweli angelijibu kwa ukali.

Basi. Haya si ya kulilia. Kaburi la Mbarak liko hatua tatu kutoka kwa lile dogo, lile dogo likiwa upande wa kibla, umbo lile lile, Mbarak hakujua, mikono ilikwenda yenyewe... na Kombe akiingizwa kwa ubavu bila sanduku uso wake utaelekea wapi ila kule, kwenye kitu kisichozidi shubiri tatu ambacho hakuna anayekijua sasa ila yeye Dama. "Mama," Rai tena, hajaondoka mwimoni, "gari linauliza." Nje wangali pale pale, Tsuma anasema zimebaki saa mbili kasoro, Sanga anakohoa, Hesbon yuko kwenye simu. Amalize konzi hii kwanza, kisha atasema, gari liende, shuka jeupe litolewe kwenye sanduku la nguo liwe sanda, Mbarak akivunje kifuniko cha jeneza kiwe mbao za kuzibia mwanandani, ashuke Mbarak na mwingine yeyote asiyeogopa kuchafua suruali, nao watatu waombe wapendavyo, mmoja mmoja au kwa mkupuo, Kombe aliwasikiliza miaka yote hii, nusu saa nyingine haitamuua, na sanduku lirudi stoo, masika iko mlangoni na mahindi hayana pa kukaa. Akaliona jiwe la mwisho, akalitoa kwa ukucha.