Kitabu cha Jalada la Kaki

Atuganile alizipata habari za kifo cha Isdori redioni, kwenye matangazo ya vifo, akiwa anapeta mchele uani kwake Kizwite, Sumbawanga. Sauti ya mtangazaji ilitaja Milepa, kijiji cha bondeni, ikamtaja baba wa marehemu, Mzee Kasmir, ikasema mazishi yamekwisha fanyika, kisha ikahamia kwa marehemu wa mkoa mwingine. Ungo ukabaki umesimama mikononi mwake. Machozi yalimtoka upesi, maana Isdori alikuwa mwalimu mwenzake na mwanafunzi mwenzake, mtu wa kutania hata mbuzi njiani. Lakini kabla chozi la kwanza halijafika kidevuni, wazo jingine lilimpiga kifuani, nalo lilimtia aibu papo hapo: kitabu.

Kilikuwa cha maktaba ya chuo kikuu. Yeye na Isdori walisomea shahada ya ualimu wakiwa kazini, chuo chenyewe kikiwa mbali, ila kilifungua kituo Sumbawanga mjini, katika jengo lililoachwa na chama cha ushirika kilipokufa. Sasa mahindi yalinunuliwa na wafanyabiashara wenye malori yao, na lile dirisha lenye wavu wa chuma, ambapo zamani wakulima walijipanga kusubiri malipo, liligeuka mahali pa kuazimia vitabu. Nyuma ya wavu alikaa Bwana Baltazari, mkutubi, mwembamba wa sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka na hakuna asiyemwogopa. Sheria zake zilikuwa chache. Kitabu hakitoki mpaka kivikwe jalada la karatasi. Aliyeazima ndiye asome, asimpe mwingine. Na mwenye kitabu cha maktaba nyumbani haketi kwenye mtihani wa mwisho mpaka akirudishe.

Kitabu chenyewe kilieleza namna mtoto anavyojifunza kusoma, na mkoa mzima ulikuwa na nakala hiyo moja. Atuganile alikiazima kwa jina lake, akakivika karatasi ya kaki aliyoikata kwenye mfuko wa saruji, akakisoma hadi mwisho. Kisha Isdori alipopanda mjini kufuata mshahara, akampa kwa siri. Kwa kuwa karatasi ilibaki, akampa na kipande hicho pia. Isdori alicheka, akasema atakivika kitabu chake cha sala, nacho kijione msomi.

Mtihani ulikuwa umekaribia. Kwa Atuganile huo ndio ulikuwa mlango. Alikuwa na darasa la kwanza lenye watoto waliobanana hadi kwenye dirisha, na kila mwaka aliona wengine wakipanda darasa la pili wasijue kusoma hata majina yao, si kwa ujinga bali kwa kukosa mwalimu aliyefundishwa kuwafundisha. Akipata shahada angeweza kuhamishiwa kwenye chuo cha ualimu, akawafunde walimu wenyewe. Alikuwa ameiota ndoto hiyo hadi mumewe akaizoea kama mtu wa nyumbani.

Alikwenda kwa Bwana Baltazari akiwa amejipanga kusema yote. Alipofika dirishani ulimi ukawa mzito. Akauliza, kwa njia ya kuzunguka, mwanafunzi akimpa mwenzake kitabu alichoazima, hufanywaje. Mkutubi akamjibu kwamba huyo husubiri mwaka mwingine, hata kitabu kikirudi. Kisha akamtazama kupitia matundu ya wavu.

"Kitabu chako kiko wapi, mwalimu?"

"Kipo."

"Basi kilipo ndipo pa kwenda kukichukua."

Jumamosi akapanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akishuka bondeni kununua mpunga. Walikaa juu ya magunia matupu, na walipofika kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, pale barabara inapojikunja ukingoni mwa genge na bonde zima linaonekana chini kama limemwagwa, Atuganile akafumba macho. Shija, mfugaji wa Mtowisa aliyekaa karibu naye, alimwambia asifumbe, kwani dereva naye amefumba, na ni lazima mmoja aone. Watu wakacheka. Atuganile hakuweza. Hofu yake haikuwa ya genge.

Alikuwa akiogopa nyumba aliyokuwa akiiendea. Kwao Rungwe alikozaliwa, na huku Ufipa alikoolewa, jambo hili halikuwa na tofauti: huendi kwenye msiba kudai. Unakwenda na mkono wako wa pole, unalia, unachota maji, unaondoka. Kudai kitu msibani ni kama kumvua maiti shati. Njia nzima alitunga namna ya kusema, na kila namna ilinuka vibaya.

Joto la bondeni lilimpokea kama mvuke wa chungu. Nyumbani kwa Mzee Kasmir wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka upenuni, rozari mikononi. Atuganile aliangua kilio mlangoni kama desturi inavyotaka, na kilio kilikuja cha kweli, kirefu kuliko alivyotarajia. Wakampisha karibu na mama wa marehemu, Dominika, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyokauka.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumepoa. Wewe ndiye mwalimu wa Kizwite. Alikusema sana."

Mama huyo akaanza kusimulia, kama wafiwa wanavyosimulia, kwa kurudi palepale. Malaria ilimpanda mwanawe kichwani. Lakini hata homa ilipochachamaa, Isdori hakukiweka chini kitabu chake. Alikishika hivi, karibu na uso, midomo ikicheza.

"Mimi sikusoma, mwanangu, lakini niliona anasali. Mpaka siku ya mwisho anasali. Ndiyo maana nilisema hakuna wa kumvika isipokuwa mimi. Nikamwekea kitabu chake kifuani kwa mikono yangu hii, na rozari juu yake. Kile cha kaki. Nikamwambia, nenda nacho, ulichokianza ukamalizie huko."

Wanawake wakaitikia kwa kuguna. Atuganile alimjua Isdori. Alijua jinsi alivyosoma akijiandaa kwa mtihani, midomo ikicheza, akijihojia na kujijibu.

"Vya kaki vilikuwa viwili, mama?" aliuliza, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Vilikuwa viwili, mama akasema. Kimoja cha Mungu, kimoja cha shule. Cha shule amekitunza, maana mwanawe aliagiza kwamba ni cha mwalimu wa Kizwite, kisipotee. Akainuka, akaingia ndani, akasikika akifungua sanduku.

Huo muda wa kusubiri ndio Atuganile aliokuja kuuota baadaye. Aliomba. Aliomba kiwe kitabu cha shule, kisha akaona anaomba kwa ajili ya mtihani, akajirudi, akaomba kwa ajili ya mama huyu, kisha akashindwa kuzitenganisha sala mbili hizo. Mama akatoka na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge, akakifungua kwa uangalifu, akampa. Karatasi ilikuwa ileile. Hata herufi moja ya jina la saruji ilionekana pembeni, imekatwa nusu.

"Fungua uone kama ndicho."

Wanawake wote wakamtazama. Akafungua.

Ilikuwa sala ya kuwaombea marehemu. Pembeni, kwa penseli, Isdori alikuwa ameandika jina la bibi yake.

Atuganile hakusikia tena kitu. Aliona kila jambo mara moja, kama mtu anayemulikwa na radi: dirisha lenye wavu, darasa lenye watoto hadi dirishani, na chini ya udongo mpya nyuma ya nyumba hii, juu ya kifua cha Isdori, kitabu cha maktaba chenye muhuri wa chuo kikuu. Neno moja tu lingetosha. Angelisema, na hatia isingekuwa yake peke yake, na pengine Bwana Baltazari angeelewa. Lakini mama huyu angebaki na nini? Angekaa usiku na mchana akijua kwamba alimpeleka mwanawe mbele ya Mungu na kitabu cha shule, kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa hakujua kusoma.

"Ndicho?" mama akauliza, na safari hii uso wake ukaonyesha wasiwasi kidogo.

Atuganile akakifunga. Akakitia mkobani.

"Ndicho, mama. Asante kwa kunitunzia."

Alilala hapo. Asubuhi, lori lilipokuwa likipakia mpunga barabarani, Mzee Kasmir akasema atamsindikiza mgeni. Alikuwa katekista, mrefu, mwenye mwendo wa polepole, na tangu jana hakuwa amesema zaidi ya salamu. Walitembea kati ya majaruba ya mpunga. Atuganile aliubana mkoba kwapani kama mwizi. Walipofika mahali ambapo nyumba haikuonekana tena, mzee akasimama.

"Nilikuona ulipokifungua," mzee alisema.

Atuganile akaushusha mkoba kutoka kwapani.

"Mimi ndiye niliyefunga jeneza, mwalimu. Jalada lilikuwa limefunuka kidogo, nikauona muhuri. Mama yake alikuwa amesimama pale ananitazama." Akafuta jasho shingoni. "Nikagonga msumari. Tangu siku hiyo kila mtu msomi akija kuhani naogopa. Jana nilipomwona anakupa, nikasema leo ndiyo leo."

Hofu aliyodhani Atuganile kuwa ni yake peke yake ilikuwa imelala katika nyumba hii kabla yeye hajafika.

Mzee akauliza kama atapata shida huko chuoni. Atuganile akasema ataangalia. Mzee akatikisa kichwa, akijua maana ya jibu hilo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kitabu kile alichokwenda nacho mwanawe kinasema nini.

"Kinaeleza namna ya kumfundisha mtoto mdogo kusoma, baba. Jinsi anavyoanza kuzijua herufi."

Dereva alipiga honi.

"Basi si kitabu kibaya," mzee akasema.

Jumatatu Atuganile alisimama mbele ya wavu. Alisema yote, tangu siku aliyompa Isdori kitabu, hakuficha hata kile kipande cha karatasi. Bwana Baltazari alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akakipitisha kitabu cha sala chini ya wavu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuonyesha. Mkutubi akakifungua, akasoma jina lililoandikwa kwa penseli.

"Mama hajui?"

"Hajui."

"Asijue." Akakirudisha chini ya wavu, polepole. "Hiki si cha maktaba, sina ruhusa ya kukipokea. Na mtihani, mwalimu, mwaka huu huketi. Nitawaandikia makao makuu walete nakala nyingine. Kuna wenzako wanaisubiri."

Alitoka nje. Upepo wa Sumbawanga ulikuwa ukivuma baridi kama kawaida yake, ukirusha vumbi kwenye mitumba iliyotundikwa kando ya barabara. Alilia akitembea, watu wakamdhania amefiwa, wakampa pole, naye akaipokea. Siku wenzake walipoingia kwenye mtihani alikuwa darasani Kizwite, akishika mkono wa mtoto aliyeishikilia chaki kama fimbo ya ng'ombe.

Arobaini ilipofika, Misa ilisomwa mjini, na baada yake Mama Dominika akaja kumsalimia, na mchele kwenye kapu. Atuganile alimkaribisha sebuleni, akakimbilia jikoni kuweka chai. Aliporudi na vikombe, mama alikuwa amesimama mbele ya rafu. Mkononi mwake alikuwa na kitabu cha kaki.

Chai ikamwagika kwenye sahani. Wifi yake, mtu wa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, alikuwa hapo uani na angeweza kuingia wakati wowote. Mama akakifungua katikati, akaipapasa karatasi kwa kidole gumba, kwa upole, kama anayegusa paji la mgonjwa. Akakitazama kitambo.

"Bado unakisoma?"

"Kila siku, mama."

Na hilo lilikuwa kweli. Kila siku, kabla ya kufungua madaftari ya watoto, alikifungua pale penye jina lililoandikwa kwa penseli, akamwombea Isdori.

Mama akakifunga, akakirudisha mahali pake, akakisawazisha na vingine.

"Basi utafaulu," akasema, akanyoosha mkono kupokea kikombe.