Gari la Kumlaza Mama

Fundi alitoka chini ya lile gari refu la kifahari, akapangusa mikono. "Dada, ni zuri, ila limetumika sana. Hizi springi zake za upepo hazimalizi mwaka, na ukiambiwa bei ya mpya utalia."

Majirani wakaguna, nusu ya mtaa ilikuwa imekuja kunisaidia kuamua kama nilinunue. Mama hakuguna. Mgongo umemlaza ndani miaka miwili, na hili ndilo gari la kwanza ambalo godoro lake limeingia lote kwa nyuma. Tulikuwa tumeshamlaza humo, tujaribu.

Nikaingia kando yake, fundi akawasha. Gari likainuka polepole, kama mtu anayevuta pumzi usingizini, likateleza barabarani bila kelele. Juu ya kioo cha paa yakapita mawingu, kisha matawi, kisha nguo za watu zilizoanikwa ghorofani. Mama alizifuata kwa kidole, moja moja.

"Mama, fundi anasema halimalizi mwaka."

"Na mimi nani kakwambia namaliza?" akasema. "Mwambie apitie kwa shangazi yako. Nataka anione nikipita."

Nikamwambia fundi akate kona kwa shangazi, halafu aturudishe kwa mwenye gari tukalilipie.